Mzee Asimama Mbele ya Kina Mama

Binti wa madam alikuwa na leseni ya kuendesha, na gari lake mwenyewe lilikuwa limefunikwa turubai uani, lakini barabara za Riyadh saa moja asubuhi zilimtia kiwewe. Kwa hiyo chuoni nilimpeleka mimi, dereva wa nyumba yao. Alikuwa anasoma fasihi ya Kiingereza, na mwaka ule walikuwa wamefikia hadithi za watu wa dini kali wa zamani, wale waliohamia Amerika na nguo zao nyeusi na sheria zao za kila kitu. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi asimame mbele ya darasa na kusimulia. Madam mdogo, ndivyo nilivyomwita, alikuwa na haya kupita kiasi. Basi akawa anafanya mazoezi kwenye kiti cha nyuma, na darasa lake nilikuwa mimi.

Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Lakini hadithi ikisimuliwa polepole wakati wa kwenda, na ikarudiwa wakati wa kurudi, hata ukuta ungeielewa. Nikifika taa nyekundu namuuliza, "Sasa huyo mke wa jaji yeye alijua?" Naye anafunua kurasa, anacheka, anasema nimeuliza swali ambalo mwalimu atauliza.

Nilizipenda hadithi zile. Watu wakikuona unapenda kucheka wanadhani unapenda za kuchekesha tu. Mimi hizi za mtu mwenye siri moyoni zilinishika kabisa. Karibu kila moja ilikuwa na jukwaa la mbao katikati ya mji, na mtu amesimamishwa pale atazamwe. Na karibu kila moja ilikuwa na mtu mwingine kando, mwenye heshima zake, anayejua kwamba mahali pale palikuwa pake.

Siku moja nilimwambia madam mdogo kwamba kwetu jukwaa hatuna, lakini tuna benchi. Shangazi yangu alipata mtoto kabla ya harusi, akawekwa nje ya ushirika, akakaa benchi la nyuma kanisani mpaka siku aliyoitwa mbele arudishwe kundini. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni kwamba alivaa viatu vipya. Madam mdogo akauliza, "Na yule mwanamume alikaa benchi gani?" Nikamwambia yule aliendelea kuimba kwaya, sauti ya tatu. Alilitumia jambo hilo darasani, akasifiwa, na jioni hiyo akaninunulia shawarma mbili.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mtu wa kijiti. Katika mji ule kulikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuamsha wanaosinzia ibadani. Alikuwa na kijiti kirefu. Upande mmoja kina kirungu, hicho cha kugonga vichwa vya wanaume. Upande mwingine kina mkia wa mbweha, huo wa kuwapapasa wanawake usoni mpaka wapige chafya. Mji mzima ulimheshimu. Mzee huyo alikuwa anavuta kiko kwa siri, jambo lililokatazwa. Jumapili moja akakisahau kiko chake kwenye ghala la mahindi la mji, ghala likaungua. Watu wakamkamata mfinyanzi mmoja, mgeni, mtu wa kuchekacheka ambaye hapo nyuma aliwahi kukiri hadharani kwamba alikuwa mvutaji na ameacha. Nani mwingine angeweza kuwa? Wakamsimamisha jukwaani tangu asubuhi mpaka jua likazama, kisha wakamfukuza aende msituni. Mzee wa kijiti akatazama. Jumapili iliyofuata akapiga vichwa kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo madam mdogo alipokuwa amefika. Na hapo ndipo mimi nilipojiingiza kwenye mambo bila kujua.

Ijumaa tulikuwa tunakutana mtaa wa Malaz, kwenye fleti ya wanaume wanne, tunasali kwa sauti ya chini, tunasonga ugali, kisha tunapiga gumzo mpaka saa ya kila mtu kurudi kwa bosi wake. Tulikuwa Wakenya wengi wetu, madereva na walinzi, na muuguzi mmoja Mtanzania na mumewe. Aliyetuongoza, naye mmoja wa wale wanne, tulimwita Mzee, ingawa hakuwa amefika hata miaka hamsini. Alikuwa mlinzi wa jengo la maduka Al-Sulimaniyah, zamu ya usiku, mtu aliyenyooka kama rula. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchini sijui hata kusema mafi, yaani hakuna. Alinifundisha kutembea na ikama yangu, kile kibali cha kukaa, mfukoni, kutobishana na kafili, bosi aliyekuleta, mchana wa Ramadhani, na kutuma pesa nyumbani kabla ya kununua viatu.

Mwaka mmoja kabla ya hadithi hii ya kijiti, kulitokea jambo katika fleti ile. Ilikuwa Ijumaa ya joto kali, tuko magotini, tukasikia mlipuko juu ya bafu. Pale juu kuna kijidari cha kuwekea masanduku, ubavuni mwa tangi la kupasha maji moto. Kioevu chekundu kikaanza kudondoka mlangoni, na harufu ikajaa nyumba nzima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni harufu ya nini. Mtu fulani alikuwa amefunga maji ya zabibu kwenye chupa, nayo yamegeuka pombe. Katika nchi ile hilo si mchezo. Jirani akinusa, akiita polisi, wote tunapandishwa ndege, na wengine wanapitia jela kwanza.

Muuguzi alisema, "Hii ni pombe, naijua." Kisha macho yake yakaenda kwa mmoja wa wale wanne, dereva wa lori la maji. Yakaenda na macho yetu sote. Dereva wa maji alikuwa mcheshi wetu mkubwa, na alikuwa ametoa ushuhuda palepale sebuleni, zaidi ya mara moja, jinsi pombe ilivyomtesa nyumbani na jinsi alivyoachana nayo. Tulimpigia makofi kila alipousema. Sasa muuguzi akamwambia, "Ndugu, kama umeanguka si useme tu?" Akasema, "Si yangu." Akasema mara ya pili, akaona nyuso zetu, hakusema tena. Jioni ile alitolewa kwenye grupu la simu. Mwisho wa mwezi akaiomba kampuni yake imhamishie Jeddah.

Mimi nilihuzunika, kwa sababu nilimpenda, lakini niliamini kama wengine.

Basi Ijumaa hiyo nasimulia habari ya mtu wa kijiti. Tumeshiba, watu wamejilaza kwenye mito. Ili wamwone vizuri nikasema, "Mfikirieni Mzee wetu na ile silaha yake." Kila mtu akaangua kicheko, maana Mzee alikuwa na kile kijiti cha plastiki cha kupigia nzi, na kwenye maombi, dereva aliyeamka alfajiri akianza kukoroma, Mzee alimgusa nacho shingoni bila kufumbua macho yake mwenyewe.

"Na huo mkia wa mbweha uko wapi, Mzee?" akauliza muuguzi. "Mimi mbona unanigonga na kirungu?"

"Wewe hukoromi, unaunguruma," mumewe akamwambia.

Nikaendelea. Nilivyokuwa na raha, nilimpa mtu wa kijiti mwendo wa Mzee, na kikohozi chake, na namna anavyoshika Biblia kwa mikono miwili. Ghala likaungua. Mfinyanzi akasimamishwa. Mtu wa kijiti akatazama, na midomo yake imefungwa. Nilipotazama watu wanavyonisikiliza nikaota, kama kawaida yangu, nina kipindi changu redioni na nchi nzima imeacha kufua inisikilize. Sikuona Mzee alipoinuka. Nilisikia tu maji jikoni. Alikuwa anaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Jumapili, niko kwenye maegesho ya chuo namsubiri madam mdogo, nikamwona Mzee anakuja kati ya magari. Ametoka zamu, hajalala, ameshika chupa ya chai. Aliingia akakaa mbele, akafunga mlango polepole.

"Nani alikuambia?" akaniuliza.

"Kuniambia nini, Mzee?"

"Habari ya ghala."

"Ghala la kwenye hadithi? Madam mdogo. Ni kitabu, Mzee."

"Kitabu gani kinachojua mambo ya Malaz?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Halafu nikamwangalia, nikaacha. Alikuwa amekishika kifuniko cha chupa, anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga.

"Zile zabibu zilikuwa zangu," akasema.

Akanieleza yote, akitazama mbele kama anayeendesha. Nyumbani kwao baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na divai ya meza ya Bwana walikuwa wakiitengeneza nyumbani, maji ya zabibu tu. Yeye alikuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kukamua. Sasa zabibu za Taif zilipoingia sokoni akanunua, akakamua kwa mikono yake usiku mmoja wa mapumziko, akajaza chupa kubwa, akaziweka kijidarini zisubiri Krismasi. Alitaka kutushangaza. Hakufikiria lile tangi la maji moto. Hakufikiria lolote, alikuwa anamfikiria baba yake.

"Kwa nini hukusema, Mzee? Si ilikuwa bahati mbaya tu?"

"Nilifungua mdomo. Mtu mwingine akaongea kwanza." Akakibana kifuniko. "Kisha wote mkamwangalia yeye. Nikawaza, ngoja kidogo, wakitulia nitasema. Mkatulia. Kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana yake. Na grupu, niliyemtoa ni mimi. Kwa kidole hiki."

Nilimmiminia chai yake mwenyewe nikampa. Alikunywa kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Inaishaje?"

"Nini?"

"Hiyo ya mtu wa kijiti. Mwisho anafanya nini?"

"Sijui, Mzee. Hajafika mwisho."

"Akifika uniambie," akasema, akashuka, akaenda kupanda basi.

Toka siku hiyo simu yangu haikupumzika. Mzee alikuwa si mtu wa kuandika ujumbe, lakini sasa kila mchana alikuwa ananiuliza, "Imeisha?" Namjibu bado. "Amefika wapi?" Namjibu amefika kwenye mahubiri. "Mahubiri yanasema nini?" Nikawa namsukuma madam mdogo. Nikimfungulia tu mlango namuuliza, "Na yule wa kijiti leo?"

"Mbona una haraka?" akaniambia. "Mtihani ni wako au wangu?"

"Kuna mzee wangu anataka kujua mwisho."

"Mwambie asome."

"Anaogopa kusoma, madam mdogo. Anataka kuambiwa."

Hilo lilimchekesha, na nadhani lilimgusa pia, maana usiku ule alikimaliza. Asubuhi alinisimulia tukiwa tumekwama kwenye foleni. Mtu wa kijiti hakusema. Alizeeka na heshima zake, akafa kitandani, mji mzima ukamzika, hotuba zikatolewa. Mfinyanzi aliishi mji wa mbali, akafinyanga vyungu vyake, na watu wa huko hawakuelewa kwa nini mtu mcheshi hivyo akiona umati anapita njia nyingine. Hakuna aliyewahi kujua. Basi.

"Basi?" nikasema. "Halas?"

"Halas. Mwalimu anasema ndiyo maana ni kitabu kikubwa."

Mimi niliona ni kitabu kizuri chenye mwisho mbaya. Siku nzima, nikizunguka na madam sokoni na kwa fundi wa nguo, nilikuwa natengeneza mwisho wangu. Mtu wa kijiti anapanda jukwaani mvua ikinyesha, anaungama, mfinyanzi anatokea kwa nyuma, wanakumbatiana, mji unalia, kengele zinalia. Niliufanyia mazoezi kwa sauti garini. Ulikuwa mtamu kwelikweli, nikafuta hata machozi. Nilikuwa tayari kumpa Mzee huo.

Jioni akapiga simu. Hakuuliza hata hali. "Imeisha?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja majibu ya hospitali, na mtu wa namna hiyo humpi majibu ya kutunga. Nikamwambia ilivyo.

Nikasikia anakifunga kifuniko cha chupa yake.

"Kwa hiyo hakuna aliyejua," akasema.

"Hakuna, Mzee."

"Ila wewe, na huyo binti."

"Na mwandishi. Na wote waliosoma."

"Basi amejulikana na wengi tu." Akakohoa kile kikohozi chake. "Akazikwa, wakamsifu, na mwenzake bado anakwepa watu. Hapana. Huo mwisho siutaki. Bosi wako anaenda lini Jeddah?"

Madam na familia yake walikuwa wanakwenda Jeddah kila likizo, kwa dada yake. Mimi niliwapeleka kwa gari, Mzee akaomba ruhusa, akaja kwa basi usiku kucha. Siku niliyopewa mapumziko tukakutana, ametoka ndani ya basi na shati limekunjamana, akaingia choo cha msikiti jirani akatoka amelipiga maji limenyooka. Tukaenda mtaa wa Karantina.

Huko Karantina unyevu unakuvaa kama nguo ya pili. Vichochoro vyake vimejaa watu wa kwetu Afrika, kila lugha, kina mama wanakaanga vitu mlangoni, na redio zinashindana. Tuliuliza uliza kwa watu wa malori ya maji mpaka tukaonyeshwa ngazi. Juu, mlango uko wazi, dereva wa maji yuko na fulana, anakanda chapati juu ya friji iliyolazwa. Alimtazama Mzee, mikono imejaa unga.

"Mzee," akasema. "Umepotea, au umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa. Kiti ni hicho kimoja. Kijana akae kitandani."

Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeshikana kama anayeshika Biblia ambayo hakuibeba, akasema yote. Zabibu, chupa, tangi, mdomo uliofunguka ukafungwa, kidole kilichobonyeza. Hakujipunguzia neno hata moja. Mimi nilitazama chapati.

Dereva wa maji alicheka. Alicheka sana, akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani. "Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima najiuliza ni nani. Nimemshuku fundi wa umeme. Nimemshuku mwenye nyumba. Kuna wakati nilijishuku mimi, nikasema labda niliamka usingizini nikatengeneza."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Wewe nilishakusamehe kabla sijakujua. Nilisali nikasema, yeyote yule." Kisha kicheko kikamtoka usoni, na ndipo nilipoona alivyobadilika. "Lakini Mzee, habari zilifika nyumbani wiki ileile. Grupu lina wake za watu. Mama watoto aliambiwa nimerudia. Tangu siku hiyo hajaniwashia kamera. Tunaandikiana karo na dawa za ng'ombe, basi. Nikimpigia, anaweka simu sikioni niongee na giza. Mama yake alimwambia, si nilikuonya kuhusu mlevi? Sasa nikikusamehe hapa, kitakachojua ni chumba hiki."

Mzee akasema, "Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Nikitoka kwenye ngazi hizi naweza kuogopa tena."

Dereva wa maji akafuta unga kwenye suruali, akapiga. Mkewe akapokea, na kama alivyosema, ni giza tu na sauti za watu wengi. Alikuwa kwenye uwanja wa kanisa, wanamenya viazi vya harusi ya kesho yake. Dereva wa maji akamwambia kuna mtu anataka kusema naye, akampa Mzee simu.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa ushirika kule Riyadh," Mzee akaanza. "Ile pombe haikuwa ya mume wako. Ilikuwa yangu."

Sauti ya yule mwanamke ikasema, bila haraka, "Ngoja."

Tukaona mwanga, miti, anga. Alikuwa ameiwasha kamera na anatembea. Simu ikawekwa juu ya kitu, baadaye tukafahamu ni sufuria iliyopinduliwa, na mbele yetu likatokea kundi la kina mama na vitambaa vyao vichwani, visu mikononi, maganda ya viazi mapajani. Wote wanatutazama.

"Haya, baba," akasema mke wa dereva wa maji. "Walipokuja kuniambia, walikuja wengi. Na wewe waambie wengi. Anza mwanzo."

Mzee alinipa simu niishike, akarudi nyuma hatua chache aonekane mzima, akaanza mwanzo. Wale kina mama hawakuwa darasa la madam mdogo. Hawakungoja amalize.

"Zabibu za nini?" akauliza mmoja.

"Za meza ya Bwana, mama."

"Ulizichemsha?"

"Sikuchemsha."

Minong'ono ikapita. "Hakuchemsha," mmoja akamwambia mwenzake asiyesikia vizuri. "Anasema hakuchemsha. Halafu akaziweka kwenye joto."

"Nani huyo alikufundisha?"

"Baba yangu, mama. Lakini kwetu kuna baridi."

"Kwa hiyo hukuwa unapika pombe?"

"Sikuwa. Lakini niliwaacha waseme yeye amepika."

Hapo visu vikasimama. Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa hata viazi hamenyi, amekaa tu, akajivuta mbele mpaka uso wake ukajaza kioo. "Na walipokuwa wanamfukuza, wewe ulimwangalia?"

"Nilimwangalia, mama."

"Machoni?"

Mzee akainamisha kichwa. "Viatuni."

Bibi akasema, "Haya," kama mtu anayefunga zipu ya mfuko, akarudi mahali pake. Sijui kwa nini neno lile dogo lilinitoa machozi. Nikajifuta kwa mkono ulioshika simu, wakalalamika kwamba picha inacheza.

"Mpe yeye," akasema mke.

Nikampa. Mke alikuwa ameichukua simu yake kutoka kwenye sufuria, anatembea tena, na sasa uso wake ulikuwa umeonekana wazi, mwanamke wa uso mpana, amejikaza.

"Umekonda," akamwambia mumewe.

"Ni kamera."

"Si kamera. Umekula?"

"Ndiyo nilikuwa nakanda chapati."

"Wewe? Chapati? Nionyeshe."

Mzee akanigusa bega, tukatoka, tukakaa kwenye ngazi. Ndani tulimsikia anaelekezwa jinsi ya kuzungusha unga, na anabisha, na wanacheka wote wawili. Mzee akatoa simu yake mwenyewe. Kwanza akairudisha namba ya dereva wa maji kwenye grupu. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti na kuanza kusema, akafuta. Akaanza tena, akafuta.

"Kule kwa kina mama uliweza, Mzee," nikamwambia.

"Wale hawanijui."

Mara ya tatu akasema mpaka mwisho, palepale ngazini, watu wanapita na ndoo za maji na kumruka miguu. Akatuma. Tukaitazama simu. Mmoja amesikiliza. Wawili. Wengi. Hakuna aliyejibu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na sidhani lilikuwa la Jeddah peke yake. Nikajaribu kumpigia hadithi, akaniambia ninyamaze kidogo, mwanangu, hadithi zangu zimeshafanya kazi ya kutosha.

Jibu la kwanza lilikuwa la muuguzi. Lilikuwa la sauti pia. Alisema, "Mzee, harufu niliitaja mimi, na nikamtaja na mtu. Ijumaa ukisimama, nami nitasimama baada yako." La pili lilikuwa la dereva mmoja wa Malaz, anayekoroma kuliko wote, aliyeuliza kama Ijumaa Mzee akiwa anatubu, nani atashika kile kijiti cha nzi. Mzee akasoma, akapumua kwa kelele kama mtu aliyetua gunia, na bega lake likaanza kutikisika, nikaona anacheka.

Mlango ukafunguliwa. Dereva wa maji alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi, na simu mkononi, na sura ya mtu anayejaribu kuwa na huruma akashindwa.

"Mzee," akasema. "Samahani. Mama mkwe amefika. Amesikia nusu kutoka kwa jirani na hataki kuisikia kwa jirani. Anasema uanze mwanzo."

Mzee akainuka, akachomeka shati vizuri, akajipangusa vumbi la ngazi nyuma ya suruali.

"Amekaa au amesimama?" akauliza.

"Amesimama."

"Basi mwambie akae," akasema, akaingia.